Gari la Baba Mkwe

Wiki chache baada ya kuolewa, mama mkwe alinishika mkono akanitoa nje kunionyesha gari. Alinionyesha kama mtu anayekujulisha kwa shemeji mwenye matatizo, yule ambaye ukoo mzima umeshakubali kuishi naye.

"Huyu ni Mfaransa," akasema. "Usimwogope. Hatembei."

Lilikuwa stesheni wagoni la Kifaransa, aina ile iliyokuwa ikibeba abiria kutoka Nairobi kwenda magharibi miaka ya zamani, safu tatu za viti ndani na mizigo juu ya paa. Lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe uani kwa wakwe zangu, Kawangware, kati ya tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Magurudumu hayakuwepo. Viti navyo vilikuwa vimebaki vyuma na springi tu, vimepangwa chini ya turubai. Milango ilikuwa imeegemezwa ukutani, na ule wa dereva ulikuwa umeota kutu mpaka unaona upande wa pili.

Baba mkwe alikuwa fundi wa kunyoosha bodi tangu ujana wake. Garaji aliyofanyia kazi ilipofungwa, alipita kwenye yadi ya vyuma chakavu akalikuta gari hilo linasubiri kukatwa. Karatasi zake zilikuwa sawa, kwa hivyo akalinunua kwa bei ya chuma na kulikokota hadi nyumbani. Mama mkwe alimuuliza anataka kulifanyia biashara gani. Akajibu kwamba hana biashara nalo, anataka tu kuliona likitembea tena. Aliingia Nairobi mara ya kwanza akiwa ndani ya gari kama hilo, kijana, amebanwa safu ya nyuma na gunia la mahindi miguuni.

"Mimi pia nililetwa na gari kama hili," mama mkwe akaniambia siku hiyo. "Nilitapika kuanzia Nakuru mpaka Limuru. Na yeye anataka nilipende."

Lakini alilipenda. Hilo nililiona Jumapili ya kwanza. Baada ya kanisa na chakula, alivua kitambaa chake kizuri, akafunga kingine kilichochakaa, akakalia mtungi mtupu wa plastiki na kuanza kusugua mlango kwa msasa huku akiimba nyimbo za kwaya. Aliimba sauti ya pili peke yake, kana kwamba wenzake wa sauti ya kwanza wako humohumo uani. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kufunga stima kwenye nyumba za watu, alijilaza chini ya dashibodi akivuta waya. Baba mkwe alikuwa na nyundo yake ndogo ya mbao, akigonga bati polepole na kulipapasa kwa kiganja kila baada ya mapigo machache. Hakuna aliyeongea sana. Kila Jumapili ilikuwa hivyo, na mimi nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, sijui pa kuweka mikono yangu.

Tatizo halikuwa gari. Tatizo lilikuwa heshima. Kwa Waluhya wa upande wao, baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mikono. Hawakai karibu. Kiti cha mzee pale sebuleni unakipangusa vumbi lakini hukikalii. Sisi Wajaluo tuna mambo yetu yanayofanana na hayo, kwa hivyo sikushangaa, na hapa Nairobi wengi wameyalegeza. Baba mkwe hakuyalegeza. Hakuwa mkali, alikuwa mpole kupita kiasi. Nikiingia mlangoni, yeye anatoka kwa mlango mwingine. Akitaka kuniuliza jambo, anamwambia mkewe: "Mwulize mama kama amekula." Mama mkwe ananigeukia, ingawa nimesikia vizuri, na kuniuliza kama nimekula.

Mimi ni mshonaji. Tunaishi mtaa wa Kianda, na cherehani yangu iko mbele ya chumba tunachopanga. Nashona sare za shule, mapazia, na gauni za wasimamizi wa harusi msimu ukifika. Baba mkwe alilijua hilo. Jumapili moja, akiwa ameinama kwenye injini, nilimsikia akiliambia gari: "Viti hivi vikipata fundi, utapendeza."

Nilimtazama mama mkwe. Mama mkwe akaendelea kusugua. "Usinitazame mimi," akasema. "Amekwambia wewe."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba amepata njia ya kuongea nami. Hakuhitaji tena mtu wa kunifikishia maneno, angeliambia gari. "Hapa ningepata mtu wa kushika tochi," angesema akiwa chini, nami ningeweka tochi mahali pazuri. "Sijui kama rangi ya kahawia itafaa ndani," angesema, nami ningemwambia mume wangu kwa sauti ya kutosha kwamba kahawia nzito itafaa zaidi kuliko ile hafifu. Nilinunua reksini, ile ngozi bandia ya viti, na sponji huko mjini, nikazibeba kwa boda boda mpaka Kianda, mwendeshaji akilalamika njia nzima kwamba haoni nyuma.

Kupima viti ndiko kulikoleta swali la kwanza. Kiti cha dereva kilikuwa cha baba mkwe, hilo halikuwa na ubishi, na huwezi kushona kiti usichokikalia. Lazima ujue sponji inashuka wapi, mgongo unaegemea wapi. Nilisimama mbele ya kile chuma na utepe wangu wa kupimia shingoni. Mama mkwe aliona.

"Hicho si kiti," akasema. "Hizo ni springi. Kaa."

Nikakaa. Baba mkwe alikuwa amegeukia tangi la maji, anakagua bomba ambalo halikuwa na shida yoyote.

Nilishona kwa miezi mingi, kipande kwa kipande, kati ya sare na sare. Reksini nene ilinivunjia sindano mpaka nikaamua mishono ya pembeni niishone kwa mkono. Vidole vyangu vilipata sugu. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka kazini anakuta mgongo wa kiti umekaa kitandani kwetu, anausalimia. "Niaje, Mfaransa," anasema, halafu anasogea kulala ukingoni.

Kufikia wakati huo bodi ilikuwa imepigwa rangi, nyeupe ya maziwa, kazi aliyoifanya baba mkwe ndani ya hema la mashuka ya zamani ili vumbi lisiingie. Injini ilikuwa ikiwaka na kukohoa. Magurudumu yalirudishwa. Zilibaki breki.

Breki zikishafunguliwa, upepo huingia kwenye mabomba yake, na ni lazima utolewe la sivyo gari halisimami. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine analala chini na kulegeza nati ndogo karibu na gurudumu ili upepo utoke pamoja na mafuta. Wa juu akiinua mguu kabla wa chini hajaikaza ile nati, upepo unarudi ndani na mnaanza upya.

Jumapili hiyo mume wangu alikuwa ameitwa kanisani kwao, stima ilikuwa imekatika katikati ya ibada. Mama mkwe alikuwa amekwenda kumwona rafiki yake mgonjwa. Mimi nilikuwa uani na sindano yangu nikimalizia kiti cha nyuma, na baba mkwe alikuwa akilizunguka gari.

"Leo ningepata mtu wa kukanyaga breki," akaliambia.

Kisha akaacha kulizunguka. Nadhani wakati huo ndipo alipoona hali ilivyokuwa. Mtu alikuwa mmoja tu. Mahali pa kukanyagia palikuwa kiti chake, na sasa kilikuwa kiti kweli, kimejazwa sponji na kuvishwa reksini. Na yeye angekuwa amelala chini, mke wa mwanawe amekaa juu yake.

Niliweka sindano chini. "Naweza, Baba," nikasema.

Baba mkwe aliingia stoo, akakaa huko kitambo, akatoka na gunia tupu. Alilikung'uta vumbi, akalitandika juu ya kiti cha dereva kwa uangalifu, pembe zote nne zikafunika. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kadhaa na kulitazama.

"Sasa hilo ni gunia," akaliambia gari.

Nikaingia nikakalia gunia.

Aliendelea kuliambia gari jinsi tutakavyofanya. Akigonga mara moja kwa spana, mguu ukanyage na kushikilia. Akigonga mara mbili, mguu uachie. Hakutakuwa na haja ya maneno. Akajilaza kwenye kadibodi na kuteleza chini. Ikasikika ngo. Nikakanyaga. Baadaye ngo, ngo. Nikaachia. Gurudumu la kwanza likaisha vizuri, la pili pia. Nilikuwa nimeanza kujivunia mguu wangu.

Tulipofika kwenye la tatu, jirani alipanda juu ya nyumba yake kupigilia mabati yaliyokuwa yakivuja. Nilikuwa nimekanyaga, nimeshikilia, nikasikia ngo, ngo. Nikaachia.

Miguu ya baba mkwe ikatokea, halafu tumbo, halafu uso. Mafuta ya breki yalikuwa kwenye nyusi, kwenye ndevu, yanatiririka shingoni. Aliketi chini palepale, akachukua kitambaa na kujipangusa jicho moja, kisha la pili.

"Pole, Baba," nikasema. Nilitaka ardhi ipasuke. "Nilisikia mbili."

Jirani akapigilia tena. Ngo, ngo. Baba mkwe aliinua macho kwenye paa la jirani, akalitazama kwa muda. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeolewa karibu mwaka mzima na hiyo ndiyo mara ya kwanza kutazamana usoni. Ana macho ya mume wangu, na sikuwa nimewahi kulijua hilo.

"Hata mimi ningesikia mbili," akasema.

Akakunja kile kitambaa, akakifikiria.

"Binti yangu," akasema, "hii kazi inataka mdomo. Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema achia, achia."

"Sawa, Baba."

"Na usiachie kwa mtu mwingine."

"Siachii, Baba."

Akarudi chini, tukaanza upya kutoka gurudumu la kwanza. Kumbe baba mkwe ana sauti. Alipaza sauti kwa sababu ya mabati, nami nikapaza ili anisikie, na baada ya muda tulikuwa tukipiga kelele kama makondakta wa magari mawili yanayogombea abiria. Mama mkwe aliporudi alisimama langoni na mwavuli wake, akasikiliza.

"Mnagombana?" akauliza.

"Tunatoa upepo," sauti ya baba mkwe ikajibu kutoka chini ya gari. "Kanyaga. Shikilia hapo, hapo hapo. Safi kabisa."

Mama mkwe alinitazama nilivyokaa kwenye kile kiti. Akatazama miguu ya mumewe iliyochomoza. Akaingia ndani kupika chai. Nilikuja kusikia kwamba usiku alimuuliza imekuwaje na heshima zake zile zote, naye akamjibu kwamba palikuwa na gunia.

Msidhani mambo yalibadilika mara moja. Mezani tulirudi kwenye desturi. Sebuleni bado alitoka kwa mlango mwingine. Lakini penye gari tuliongea. Mume wangu aliniuliza mpaka wa mazungumzo uko wapi, nikamwambia nadhani unaanzia kwenye boneti na kuishia kwenye buti.

Tulipokuwa tukijaribu taa, baba mkwe aliniambia, "Safari ya kwanza tutamleta mama yako."

Mama yangu anauza omena, yaani dagaa wa ziwani, mtaani Kisumu Ndogo, hapa hapa Nairobi, kwenye meza ile ile tangu nikiwa msichana. Wakwe zangu walikuwa wamemwalika mara nyingi, na kila mara alikuwa na sababu. Meza haina wa kuiangalia. Mguu unauma. Sababu yenyewe ninaijua, ingawa hajawahi kuitamka. Anaamini harufu ya samaki imeingia kwenye ngozi yake na haitoki hata kwa sabuni, na hataki kuipeleka kwenye viti vya watu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili yenye jua. Baba mkwe aliendesha akiwa amevaa koti. Mama mkwe alikaa mbele. Mimi na mume wangu tulikaa katikati. Tulipotoka kwenye ploti na kukata kona ya kwanza ya kushoto, honi ilianza kulia yenyewe. Tulipoingia njia iliyonyooka, ikanyamaza. Kona ya kushoto iliyofuata, ikalia tena.

"Ni waya ndogo tu," mume wangu akasema.

"Ni fundi wa waya," baba mkwe akasema.

Mume wangu alilazimika kupanda mbele na kujikunja miguuni pa mama yake akiwa na utepe mweusi wa kufungia waya. Kawangware yote ikatusikia. Watu waliokuwa wakitoka makanisani waliona gari jeupe la zamani linang'aa, linapiga honi, mama mmoja mbele amefunga kitambaa kizuri, wakajua ni harusi. Wanawake wawili wakapiga vigelegele. Mama mkwe akawapungia mkono. Alipungia mpaka Barabara ya Ngong, na naamini hakuna siku aliyoifurahia zaidi.

Gari haliwezi kufika mlangoni kwa mama yangu, kwa hivyo tulisimama barabarani, nikaingia ndani kwa miguu kumchukua. Nilimkuta tayari, gauni la kanisani, viatu vya kufunga, na beseni la omena lililofunikwa kwa kitambaa, zawadi kwa wakwe. Hakuja mikono mitupu, na mimi sikuwa na nguvu za kumkataza.

Alipofunguliwa mlango wa gari, alitoa leso kwenye mkoba na kuitandika juu ya kiti. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameshuka kumsalimia, akaiondoa. Mama yangu akaitandika tena. Mama mkwe akaiondoa tena, akaikunja, akaiweka kwapani.

"Mama," akamwambia, "kiti kimeshonwa na mtoto wako. Utakalia leso kwa nini?"

Mama yangu alikaa ukingoni, mgongo umenyooka, beseni mapajani. Tulikwenda hivyo kwa muda. Kisha nikaona mkono wake mmoja umeacha beseni na unapapasa pembeni mwa kiti, unafuata mshono kwa kidole.

"Hapa ulishona kwa mkono," akaniambia kwa Kijaluo.

"Cherehani ilikataa."

"Umeshona vizuri." Na pale, polepole, aliteleza nyuma mpaka mgongo wake ukagusa kiti. Nilitazama dirishani ili asinione.

Tulikuwa tumekaribia nyumbani kabisa ndipo tulipokutana na kona ya kushoto ambayo utepe wa mume wangu haukuiweza. Honi ililia, mama yangu akashtuka, beseni likapinduka. Omena zilimwagika kwenye viti, kwenye sakafu, nyingine zikaingia kwenye ule mwanya wa reli ya kiti ambao mkono haufiki. Mama yangu alianza kuomba msamaha kwa lugha tatu. Baba mkwe alisimamisha gari kando. Aligeuka, akatazama vile visamaki vidogo vinavyong'aa juu ya reksini ya kahawia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Alicheka kimya, machozi yakimtoka, na mama mkwe akamfuata, na mwishowe hata mama yangu akaziba mdomo kwa kiganja.

Tulizoa tulizoweza. Zile za kwenye reli zilibaki, na kila jua lilipowaka gari lilinuka ziwa. Mgeni mmoja aliuliza harufu hiyo ni ya nini. Baba mkwe akamwambia ni mkwe wake alipanda. Baada ya hapo mama yangu alikuwa akija mara kwa mara, hata bila kuchukuliwa. Yeye na mama mkwe walikaa kwenye mitungi yao wakichambua mboga karibu na gari, na kila mmoja alimfundisha mwenzake nyimbo za kanisa lake.

Mwaka jana wazee walihamia nyumbani, magharibi. Mfaransa aliwabeba, na safari hii mama mkwe hakutapika. Jumapili zetu za Nairobi zimekuwa ndefu. Mume wangu huzunguka chumbani mpaka namtafutia kitu cha kurekebisha. Baba mkwe hunipigia simu mimi mwenyewe, na tunaongea bila shida, nadhani simu nayo aliihesabu kama sehemu ya gari.

Desemba tulikwenda kuwatembelea. Jumapili asubuhi tulivaa tukatoka, tukitegemea kupelekwa kanisani na Mfaransa. Gari lilikuwa kwenye kibanda cha mabati, safi, dirisha la nyuma limeachwa wazi. Kwenye kiti changu cha nyuma, katikati kabisa, alikuwa amelala kuku mwekundu, amejitandaza, anatutazama kwa jicho moja.

"Anaatamia," baba mkwe akasema. "Sijawasha gari tangu wiki iliyopita. Mtikisiko utamharibia mayai."

"Si umtoe tu, mzee," mume wangu akasema. "Tumtengenezee kikapu."

"Alichagua mwenyewe," mama mkwe akasema, na kuanza kutembea.

Kanisa liko mbali. Tulikwenda kwa miguu sote, viatu mkononi kwa sababu ya tope, baba mkwe mbele na mimi nyuma yake kidogo, akinieleza jinsi kabureta inavyosumbua kwenye baridi ya asubuhi. Kuku aliangua tulipokuwa tumesharudi Nairobi. Baba mkwe alinipigia kunijulisha. Vifaranga ni wazima, akasema, ila reksini imepasuka upande wa mlango, na nikija tena nije na ile sindano nzito.